Bi Zuweina na Gurudumu la Kushoto

Chake Chake, Pemba
14 Septemba 1959

Kwa ndugu yangu Abrahman bin Seif, Mombasa.

Nakuletea salamu ambazo ukizitia guniani kamba haitoshi kufungia. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Mwanakhamis anakusalimu wewe na Bi Siti. Karafuu zimezaa, majamvi ya kuanikia yamefika mpaka mlangoni, na kila nikitoka alfajiri nazikanyaga, nikafokewa kabla sijajibu adhana. Mimi nimezidi kunenepa. Mshonaji wa kanzu sasa ananizunguka na utepe wake mpaka anapotea nyuma, na akitokea upande wa pili tunaulizana hali.

Mama hajambo, ila miguu na ulimi. Miguu imepungua nguvu, na nguvu hizo zote zimehamia ulimini.

Sasa shida yangu. Habari za gari najua zimekufika, maana Pemba nzima imecheka na mwangwi lazima ulivuka bahari. Ndiyo, nimenunua. Yule Mzungu wa barabara alikuwa anarudi kwao, na mimi nilitaka gari la heshima, la milango minne. Alilokuwa nalo ni hili: kigari cha michezo, cha kijani, wazi juu, chini kama mkeka, viti viwili basi. Nikiingia mimi, kiti cha pili kinaomba msamaha. Lakini nilinunua, na sababu unaijua.

Unajua alivyoapa Mama siku ya harusi yako huko Shumba, alipopandishwa lori kurudi Chake, juu ya magunia ya karafuu, buibui likapasuka mbele za watu. “Miye nipakiwe kama gunia? Wallahi sitii tena mguu Shumba ila kwa gari la mwanangu, na nimekaa mbele!” Na mama yako, Bi Ghania, badala ya kumnyamazia dada yake, akajibu: “Basi tumeshaagana, maana mwanao hata baiskeli inamtupa.” Maneno ya baiskeli yalikuwa ya kweli, ndiyo maana mpaka leo yananiuma.

Shehe kamwambia kiapo kina kafara, alishe maskini kumi yaishe. Kamjibu Shehe: “Kiapo changu hakiliwi na wali.” Kwa hivyo nataka kabla ya Ramadhani nimpeleke Shumba, kwa gari, amekaa mbele, yeye na nduguye waombane radhi. Ni watu wazima hawa. Mmoja akiondoka na mwenziwe hajasema naye, ni sisi watoto tutakaoulizwa.

Na gari halendi! Bolti nne za gurudumu la mbele, upande wa kushoto, zimekatika. Zimekatikaje si neno, chuma ni chuma. Hapa Chake hazipo. Wewe unashinda duka la vipuri toka asubuhi hadi jioni, basi nitafutie nne. Unene ni kama kidole changu kidogo.

Ndugu yako,
Hashil


Mombasa
9 Oktoba 1959

Kaka Hashil,

Salamu zimefika na nimezifungua zote. Sisi wazima. Siti anakusalimu. Mvua imetuingilia jikoni na mwenye nyumba anasema maji ni rehema.

Nimesoma barua yako dukani, na nilipofika kwenye kidole nikacheka mpaka tajiri akauliza nani kafa. Kidole chako kidogo nakikumbuka tangu chuoni, Mwalimu alipokuwa akikichapa: ni sawa na ndizi ya mkono wa tembo ya mtu mwingine. Bolti za unene huo zinafunga meli, kaka, hazifungi gari. Nimekata nusu, nimekisia, nakutumia bolti nne nzuri kwa barua hii. Zisipofaa, niandikie kama mtu mzima: gari gani, la mwaka gani, urefu, unene, na zile za zamani zilikatikaje. Hilo la mwisho uliliruka kama mtu anayeruka mtaro na kanzu nyeupe.

Na sasa na mimi niseme langu, maana barua yako imenichoma. Mama yangu hakumpakia mama yako kama gunia! Gari ya kukodi ilikuwa moja tu Shumba nzima, na ndani yake alikuwamo bibi harusi na bwana harusi, na bwana harusi alikuwa mimi. Ulitaka nipande mimi juu ya karafuu na kilemba changu? Lori lilikuja kwa wema. Mama yangu alitandika jamvi juu ya magunia kwa mkono wake. Hilo la jamvi mbona halisimuliwi Chake? Kila mwaka nasikia habari za buibui, sijasikia habari za jamvi.

Neno la baiskeli lilimtoka kwa hasira. Lakini na wewe, kaka, ile baiskeli ilikutupa ndani ya kisima.

Nduguyo,
Abrahman


Chake Chake
2 Novemba 1959

Abrahman ndugu yangu,

Salaam. Sote wazima, tunamshukuru Mungu. Kisima hakikuwa na maji, sema yote.

Bolti zako zimefika. Fundi Ngwali, ambaye ndiye fundi wangu maana hakuna mwingine anayenivumilia, kazishika, kazigeuza, kaniuliza: “Hizi nizitie wapi, Bwana Hashil? Masikioni?” Kumbe gari langu halitaki bolti! Bolti ina kichwa, nayo inaingia. Gari langu lina stadi: vyuma visivyo na kichwa, vinavyotoka kwenye kitovu cha gurudumu kama meno, unavivika ringi, kisha juu yake unakaza nati. Meno ndiyo yaliyokatika. Yamebaki visiki.

Sasa mimi nimeandika bolti, ni kweli. Lakini mtu anayeshinda kwenye vipuri tangu ndevu zake hazijaota hakuweza kuuliza kwanza? Unapeleka tu? Ningekuomba kofia ungeniletea sufuria, ukasema zote zinavikwa!

Basi safari hii sikuandikii kidole. Visiki vilivyokatika havifai kuonyesha kitu, kwa hivyo Ngwali amekutolea stadi nzima na nati yake kutoka gurudumu jingine la gari hili hili. Nimeifunga kwenye kipande cha kanga ya Mwanakhamis, ambaye bado hajui. Tafuta nne mfano wa hiyo, isiwe kubwa, isiwe ndogo, wala usikisie. Na kukatika kwake usiniulize tena.

Mama hajakata tamaa. Gari tumelipandisha juu ya mawe uani, na kila alasiri anavaa buibui, anaingia, anakaa na kipepeo chake cha kujipepea akitazama mbele. Wapita njia wanamwamkia, “Shikamoo Bi Zuweina, safari?” Anawajibu, “Safari, mwanangu.” Nilimuuliza jana, Mama, unafanya nini? Kanambia, “Nazoea. Sitaki nifike kwa Ghania nikiwa mshamba wa gari.”

Usinichekeshe na jamvi lako. Jamvi juu ya karafuu ni karafuu.

Hashil


Mombasa
20 Desemba 1959

Kaka Hashil,

Salamu nyingi. Nimechelewa, najua, na najua utanichamba. Nilikuwa na safari kidogo. Sasa nimerudi na Siti yu mzima.

Stadi yako niliipokea, na kanga nimemrudishia shemeji, imefuliwa. Safari hii sikukisia. Nimeipima kwa kipimo cha chuma: urefu wa jumla, urefu wa sehemu inayozama kitovuni, unene, na hesi zake, ile mikunjo ya chuma nati inayopitia, zimekaribiana kiasi gani. Maana kuna za Kiingereza na za kwingine, ukichanganya nati itaingia mizunguko miwili halafu inanuna. Hata mdomo wa nati nimeutazama. Yako imechongoka ili ikae vizuri ndani ya tundu la ringi. Ukitia yenye mdomo bapa, ringi inacheza na tundu linalika. Nimepekua makasha matatu nikazipata nne na nati zake, ndugu wa baba mmoja na hiyo yako, ambayo nayo nakurudishia. Tajiri kaniuliza gari hilo ni la gavana? Nikamwambia la Bi Zuweina.

Kwa hivyo lile neno la kofia na sufuria nakurudishia, ulivae wewe.

Mfikishie mama mkubwa shikamoo yangu, umwambie namuombea afya. Na ukiweza, usichelewe safari ya Shumba. Nasema tu.

Abrahman


Chake Chake
11 Januari 1960

Abrahman!

Salamu leo ni fupi kwa sababu nimekasirika, na mtu mnene akikasirika pumzi haitoshi vyote viwili.

Ulisema ndugu wa baba mmoja. Wallahi baba huyo alikuwa jambazi! Ngwali kazitia stadi zako, zimeingia kama mkono na mfuko. Nati zimekaza vizuri, nimezikagua mwenyewe. Ijumaa baada ya sala nikamwambia Mama, twende tukalijaribu mpaka Machomane, halafu wiki ijayo Shumba. Akavaa buibui jipya. Watu wakasimama kututazama. Tunakwenda, Mama ananipungia watu badala yangu kwa kuwa mimi mikono yote miwili imeshika usukani. Mara akaniambia:

“Hashil, tairi la nani lile linakwenda mbele yetu?”

Nikamwambia, “La mtu, Mama.”

“La mtu gani? Barabara nzima gari ni letu.”

Hapo gari likainama upande wa kushoto kama mtu anayetaka kusikia siri. Tairi halikugeuka hata kututazama. Likakata kona, likaingia kwa Bi Mwanawema muuza mandazi, likapindua karai, tupu, Alhamdulillahi, likazunguka mara mbili na kulala. Bi Mwanawema katoka na mwiko: “Jamani! Mwanzo watu walikuwa wanabisha hodi!”

Mama hakuumia. Ingekuwa heri angeumia kidole, angekuwa na la kushughulika nalo. Alingoja mpaka watu wamejaa, ndipo akasema kwa sauti ya kusikika sokoni: “Hii mikono ya Ghania. Kamtuma mwanawe anitie bolti za kuniua.”

Mimi nilikutetea! Nilisema Abrahman ni mzembe, si muuaji. Lakini kesho yake akanijia Shaame, yule mvuvi wa Fundo aniuziaye changu, akanambia bila ubaya: “Nduguyo nlimwona Wete, mwezi uliopita, anashuka melini na mfuko wa dawa.” Nikamwambia umemfananisha. Akasema hapana, nimemsalimia, kaniuliza watoto wangu kwa majina.

Abrahman, umekuja Pemba! Umekanyaga Wete na hukupiga hatua kuja kwangu? Nyumba yangu ina upele? Stadi za mauti nazisamehe, kila mtu hukosea chuma. Lakini mtoto wa mama yangu mdogo anapita kisiwani kama mwizi wa kuku, halafu ananiandikia “safari kidogo”! Nimemficha Mama habari hii, maana akiijua kiapo kitapata mtoto. Hebu nijibu. Ulikuja kufanya nini?

Hashil bin Marhoun
(Leo naandika jina zima.)


Mombasa
30 Januari 1960

Kaka,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nimeijibu mara tatu nikazichana zote. Hii ya nne nimeandika baada ya kula.

Mimi, nimuue mama mkubwa? Aliyenipaka mafuta ya nazi kichwani nilipougua ndui? Umewaacha watu wa sokoni waseme hivyo, wewe ukasimama hapo ukanitetea kwa kuniita mzembe? Ahsante sana kwa wakili.

Sasa nijibu wewe kwanza. Ile stadi ya mfano ulinitolea gurudumu gani? Usiseme “jingine”. Ni la kulia, sivyo? Nimekwenda kwa fundi mmoja wa hapa aliyewahi kutengeneza vigari vya namna hiyo. Kanambia magari hayo upande wa kulia hesi zake ni za kawaida, kama za kila kitu duniani. Upande wa kushoto hesi zake zimepinda kinyume. Kule unakaza kwa kuzungusha kushoto, na unafungua kwa kuzungusha kulia. Wamefanya hivyo makusudi, ili gurudumu la kushoto likizunguka liikaze nati badala ya kuilegeza. Ukitia za kawaida kushoto, kila hatua gari inayokwenda inaifungua nati kidogo kidogo. Kwa hivyo tairi lako halikukimbia, kaka. Umelifungulia mlango mwenyewe.

Na sasa najua zile za kwanza zilikatikaje. Tairi lilipasuka, ukataka kulitoa, nati zikagoma. Ukazungusha kushoto, ukidhani unafungua, kumbe unakaza. Ukaita watu. Ukatia bomba juu ya spana. Halafu ukapanda wewe mwenyewe juu ya bomba. Na chuma, hata cha Kiingereza, kina mwisho wa uvumilivu.

Mimi nami nina kosa: nilipima kila kitu nisiulize upande. Tazama ncha za zile za upande wa kushoto nyuma, utaona herufi L. Ulidhani ni nini?

Nimepata nne zenye L na nati zake. Sikuziamini posta. Anazo Mmanga, karani wa meli, atakukabidhi mkononi. Kaza kushoto. Usipande juu ya spana.

Kuhusu Wete, sina la kusema. Nilikuwa na amri, na aliyeniamrisha huwezi kumkatalia, hata wewe usingeweza. Unikasirikie, nitavumilia. Lakini nakuomba kwa chumvi tuliyokula chungu kimoja: zitie stadi hizo siku utakayozipokea, na umpeleke mama mkubwa Shumba. Usingoje wiki. Usiniulize.

Abrahman


Chake Chake
26 Februari 1960

Ndugu yangu Abrahman,

Mwezi unatazamiwa kuandama kesho kutwa, na mimi nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mito miwili, sababu utaijua ukifika mwisho.

Kwanza: ndiyo. Watu watatu na bomba, na mimi juu. Ngwali ndiye aliyekuwa akihesabu “moja, mbili!” kwa hivyo hatukutazamana usoni kwa muda mrefu. Na hiyo L nilidhani ni jina la mwenye kiwanda. Nilimwonyesha hata Mama, kasema anaonekana mtu wa maana kuandikwa kila mahali.

Mmanga kanikabidhi mzigo juzi asubuhi. Adhuhuri Ngwali kazitia, akikaza kushoto, na kila akizungusha ananitazama kama anayenichimbia kaburi. Tulizunguka mjini mara saba. Nati haikusogea. Jana baada ya chai tukaondoka, Mama mbele kwa kuwa hakuna nyuma. Nilisimama njiani mara kwa mara kuzishika nati kwa mkono, hata Mama akauliza kama naziposa.

Konde tulifika salama. Shida ilianza kwenye njia ya kuingia Shumba. Magari ya ng’ombe yamechimba mifereji pande zote mbili na kuacha tuta katikati, na gari langu, nilikwambia, liko chini kama mkeka. Likapanda, likakaa na tumbo lake juu ya tuta, magurudumu yakawa yananing’inia hewani kama miguu ya mtoto kitandani. Gurudumu la kushoto lilikuwa limekaza kuliko imani yangu. Ila lilikuwa halikanyagi kitu.

Nikashuka. Gari likainuka shibiri nzima, lakini halikutosha. Akatokea mzee mmoja na mundu wake, jina lake Ame, tukasalimiana. Mama kamuuliza kutoka ndani:

“Hapa ni Shumba?”

“Shumba, bibi. Mpaka mmeshaupita pale kwenye mti wa mkungu.”

“Basi siye tumefika, na miye s’shuki ila mlangoni kwa Ghania. Nimeapa.”

Nikamwambia Mama, nyumba ya Bi Ghania ni pale, paa linaonekana, nitakubeba. “Unibebe? Weye mwenyewe gari limeshindwa kukubeba.” Ndipo Mzee Ame akasema, bila kujua anasema nini: “Bora mmewahi. Bi Ghania hajainuka kitandani tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Hata mwanawe wa Mombasa kaja na dawa, kalala siku mbili karudi.”

Abrahman, nilisikia masikio yanawaka. Mfungo sita! Mama yako yuko kitandani, Mombasa inajua, Fundo inakaribia kujua, mkata nyasi anajua, na mimi niliye mwendo wa asubuhi moja natumiwa vichuma! Niligeuka nimtukane mtu, na wa kutukana hakuwapo ila gari.

 Mama alikunja kipepeo chake, akakiweka juu ya kiti. Halafu akafungua mlango. Nikaona mguu wake unatoka, wa kulia, na kiatu chake cha Idi. Nikasema, na mpaka sasa sijui kwa nini nilisema, “Mama, kiapo.” Akanitazama macho ambayo sikuyajua. “Kiapo kitasubiri,” kasema. “Mgonjwa hasubiri.”

Na mguu ulikuwa haujagusa mchanga pale tuliposikia kelele. Wanakuja vijana wanne na kitanda cha kamba kichwani, na juu yake mama yako, amekonda, kajifunga shali, anawagombeza wanamtikisa. Kumbe alisikia honi yangu tangu mkunguni, akauliza nani, akaambiwa ni Bi Zuweina kakwama njiani. Kawaambia: “Nipelekeni kabla hajafika. Sitaki anikute nimelala, akaona kaja kuniangalia. Aone nimekuja kumpokea.”

Kitanda kikatuliwa sambamba na gari. Wakatazamana. Mama karudisha mguu wake ndani, akafunga mlango. Hakuna aliyetoa salamu. Mama yako kalitazama gari kutoka mbele mpaka nyuma.

“Ndilo hili? Mbona halina nyuma?”

“Nyuma nshakaa,” kasema Mama.

Nikadhani sasa yameanza upya. Mama yako akacheka, cheko lile lile la zamani, likaishia kwenye kikohozi, na katikati ya kikohozi kasema, “Nipandisheni.” Tukamnyanyua, mwepesi kama kikapu kitupu, tukamkalisha kwenye kiti changu, nyuma ya usukani. Viti viwili, watu wawili. Mimi nilikuwa nimelisimanga gari lile tangu siku niliyolinunua, kumbe nilikuwa nimekosea mtu wa kukaa.

Wakatufukuza tusogee. Walichosema sikukisikia. Niliona tu Mama kamshika mkono, na mama yako anaelekeza kidole mahali fulani kwenye buibui, nafikiri palipopasuka, na wote wawili wanafuta macho kwa ncha moja ya shali. Kisha nikaitwa, na nikajua wameshapatana kwa sababu sasa walikuwa wananigombeza mimi. Nimewezaje kukata vyuma vya watu kwa kuvikalia? Kwa nini nimemweka Mama miezi mitano juu ya mawe uani? Na wewe usidhani umepona. Mama yako kasema alikwambia usimwambie dada yake kwamba anaumwa, maana hakutaka mtu amjie kwa huruma; “lakini mtoto mwenye akili,” kasema, “amri kama hiyo anaivunja siku ya pili.” Mama kaitikia, “Anaivunja siku ile ile.” Wameungana, Abrahman. Tumekwisha.

Vijana wakalinyanyua gari pamoja na mama zetu ndani, wakalitoa tutani, tukalisukuma mpaka mlangoni kwa mama yako. Usukani kashika yeye, mara ya kwanza maishani mwake, na bado alikuwa anajua njia kuliko mimi. Kwa hivyo Mama kaingia Shumba kwa gari la mwanawe, amekaa mbele, na kiapo hakikudondoka hata tone. Shehe nimemwambia. Kasema maskini kumi watasikitika.

Sasa sikiliza vizuri. Hali ya mama yako si nzuri, usijidanganye kwa lile cheko. Mama kakataa kurudi. Atafunga Ramadhani huko, anampikia uji yeye mwenyewe na kumkemea amalize. Gari nalo wamelizuia mlangoni, kila alasiri wanataka kukaa ndani wapunge upepo. Wewe njoo. Chukua meli ya kwanza. Na ukishuka Wete, pita Chake kwanza, ubishe hodi kwangu mchana watu wakikuona, ule, unywe, ndipo twende Shumba pamoja. Safari hii ukipita kimya kimya nitakupeleka kwa Bi Mwanawema na mwiko wake.

Mimi nimerudije? Jana jioni lilipita lori moja tu, la karafuu za mwisho. Mbele wamejaa. Mama yako kanitandikia jamvi juu ya magunia kwa mkono wake akiwa amekaa usukanini, yaani kanitupia, na Mama kasema, “Panda, mwanangu, ni wema wa watu.” Kutoka Shumba mpaka Chake, Abrahman, juu ya magunia! Kila shimo nimelijua kwa jina. Kanzu imepasuka pale pale. Na Mwanakhamis kasema nalala barazani mpaka harufu iishe.

Nilipofika nilisimama katikati ya uwanja, nikainua mkono, nikaanza: “Wallahi, mimi sitapanda tena—”

Mwanakhamis katoka mbio, kaniziba mdomo kwa mikono miwili.

Ndugu yako,
Hashil